Mume wa Tanga, mke wa Mombasa: ndoa na karatasi zake

 

Ndugu wasomaji, ndoa baina ya watu wa Mombasa na wa Tanga, au baina ya Vanga na Pemba, si jambo geni. Wazee wetu walioana kabla mpaka haujachorwa, na hata leo posa ikitoka Tanga kuja Likoni hakuna anayeshangaa. Walii hutoa idhini, mashahidi wawili huhudhuria, mahari yakatajwa, watu wakala pilau. Mbele ya sharia ya Kiislamu ndoa imetimia. Mbele ya serikali ya Kenya, bwana harusi huyo angali mgeni.

Kwa kuwa ni raia wa Afrika Mashariki, huingia bila viza na kuruhusiwa kukaa hadi miezi 6. Wepesi huo ndio unaotulaza usingizi. Muda ukikaribia kwisha, hupanda gari hadi Lunga Lunga, akavuka Horohoro, pasipoti ikagongwa muhuri, jioni akarejea. Mwaka wa kwanza hivyo, wa pili hivyo, wa tano hivyo. Watoto wanazaliwa, naye huulizwa yaleyale na kila afisa mpya: umekuja kumtembelea nani? Pasi ya mgeni haimruhusu kuajiriwa. Na siku afisa mmoja akitilia shaka safari hizo, baba wa nyumba atalala ng'ambo ya mpaka.

Zamani alikuwa na udhuru. Katiba ya kale ya Kenya ilimpa nafasi ya kuomba uraia mwanamke mgeni aliyeolewa na Mkenya, lakini si mwanamume mgeni aliyemwoa Mkenya. Katiba ya mwaka 2010 iliondoa tofauti hiyo. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011, kifungu cha 37, inamruhusu mume au mke wa Mkenya kuomba ukaazi wa kudumu ndoa ikitimiza miaka 3. Ibara ya 15 ya Katiba inampa haki ya kuomba kusajiliwa kuwa raia ikitimiza miaka 7. Kabla ya hapo kuna pasi ya mtegemezi, ambayo Mkenya humwombea mwenzake. Mwenye ukaazi wa kudumu aweza kuajiriwa, kufanya biashara, kusoma na kumiliki mali. Ama watoto, hao ni raia kwa kuzaliwa, maana mzazi mmoja Mkenya anatosha.

Lakini miaka 3 hiyo itathibitishwa kwa nini? Kwa cheti cha ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inamtaka kadhi, sheikh au imamu aliyeidhinishwa na Msajili aandike ndoa, awape wanandoa cheti, kisha kumbukumbu zifikishwe kwa Msajili. Basi kabla ya siku ya nikaha ulizeni, kwa adabu, kama sheikh anayo idhini hiyo. Karatasi iliyotiwa saini na walii pekee haitamridhisha karani. Ambao ndoa zao hazikuandikwa waende kwa kadhi wakiwa na walii na mashahidi, maadamu wako hai. Ajabu yetu ni kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul-Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Deni la gunia la mchele tunaliandika, ndoa tunaiacha midomoni.

Yapo na majina. Kwenye cheti Mohamed, kwenye pasipoti Muhammad, kwenye kitambulisho cha mke jina la babu limeachwa. Kwa sheikh huyo ni mtu mmoja. Kwa karani ni wawili. Yalinganisheni siku ya nikaha, pasipoti ikiwa mezani.

Aliyefunga ndoa Tanga asihofu. Kwa mwombaji wa uraia, sheria ya Kenya inakubali ndoa iliyofungwa nje ya nchi, mradi ni kwa mfumo wa sheria unaotambuliwa. Nayo Tanzania, kwa Sheria yake ya Ndoa ya mwaka 1971, inatambua na kusajili ndoa za Kiislamu. Kinachokataliwa ni ndoa iliyofungwa kwa ajili ya kupata makaratasi tu.

Je, Mkenya akifariki kabla ya miaka 7? Sheria hiyo ya 2011 haikumsahau mjane wala mgane: ambaye angestahiki uraia lau mwenzake angeishi, anaruhusiwa kuuomba. Naye pia ataombwa cheti kilekile cha ndoa.