Nafasi ya Nne: Klabu za Mikoani Zinavyoporomoka Zikiwa Juu

Msimu wa 2019/20 Ligi Kuu Tanzania Bara ilimalizika Namungo ya Ruangwa ikiwa ya nne. Msimu uliofuata nafasi hiyo ilichukuliwa na Biashara United ya Musoma, kisha Geita Gold, kisha Singida Big Stars, kisha Coastal Union ya Tanga, na mwaka 2025 ikawa zamu ya Singida Black Stars. Misimu 6, majina 6. Anayepitisha macho harakaharaka kwenye msimamo anaweza kuamini kuwa ligi yetu ina ushindani wa kweli, maana kila mwaka anachomoza mpya.

Apandishe macho kidogo. Katika misimu hiyohiyo 6, nafasi tatu za juu zimekaliwa na klabu tatu tu, Yanga, Simba na Azam, zikipokezana viti zenyewe kwa zenyewe. Kisha afuatilie zile za nne zilikoishia. Biashara ilimaliza ya nne mwaka 2021, ikashuka daraja 2022. Geita ilimaliza ya nne mwaka 2022, ikashuka 2024. Singida Big Stars ilibadili jina mara mbili, ikahama mji, na mwaka 2025, ikiitwa Fountain Gate na makazi yake yakiwa Manyara, ilinusurika kushuka kwa mechi za mchujo. Hakuna hata moja kati ya hizo 6 iliyoshika nafasi hiyo misimu miwili mfululizo.

Ubabe wa Simba na Yanga ni wa kizazi na kizazi, na makala hii haina nia ya kuulilia upya. Kinachonitia hofu ni tabaka la kati la ligi kufa. Klabu ya mkoani ikifanya vizuri leo, mafanikio hayo hayaijengi. Mara nyingi ndiyo yanayoianzishia safari ya kuporomoka.

Tazama yaliyowakuta Biashara. Oktoba 2021, wakiwa wamepata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika kwa ile nafasi ya nne, waliwafunga Al Ahli Tripoli ya Libya mabao 2-0 jijini Dar es Salaam. Hayo ni matokeo ambayo klabu yoyote ya hapa ingeyapokea kwa mikono miwili. Kilichobaki kilikuwa kwenda Libya kuulinda ushindi ule. Hawakwenda. Fedha na vibali vya safari vikawa kikwazo, siku ya mechi ikafika timu iko Dar es Salaam, na CAF ikawaondoa mashindanoni. Wachezaji walioshinda uwanjani walitolewa wakiwa hawajafungwa. Miezi michache baadaye klabu ile ikawa imeshuka daraja.

Geita nayo ilikuwa na George Mpole. Katika msimu wa kwanza wa klabu hiyo Ligi Kuu alifunga mabao 17, akawa mfungaji bora mbele ya Fiston Mayele wa Yanga mwenye 16, akaitwa Taifa Stars. Mshambuliaji wa klabu iliyopanda juzi kumpita mshambuliaji wa bingwa ni jambo ambalo ligi yoyote ingelitangaza kwa miaka. Haukupita muda mrefu Mpole akaelekea Kongo kuichezea Saint-Éloi Lupopo ya Lubumbashi. Simlaumu hata kidogo, mpira ni kazi na maisha ya mchezaji ni mafupi. Lakini klabu ya aina ile huishi kwa mikataba mifupi, na mchezaji akishang'ara anaondoka mkataba ukiwa unaisha au umeisha. Klabu inabaki na sifa ya kumlea, bila fedha za kumtafuta mwingine kama yeye.

Haikuwa hivi siku zote. Mwaka 1975 bingwa alikuwa Mseto ya Morogoro. Mwaka 1986 Tukuyu Stars ya Rungwe ilipanda daraja na kutwaa ubingwa msimu huohuo wa kwanza. Mwaka 1988 ikawa Coastal Union. Mwaka 1999 na 2000 Mtibwa Sugar, Wakata Miwa wa Turiani, walichukua ubingwa mara mbili mfululizo, Mecky Maxime akiwa miongoni mwa nguzo zao na uwanja wao wa Manungu ukiwa katikati ya mashamba ya kiwanda. Tangu hapo hakuna klabu ya nje ya Dar es Salaam iliyochukua ubingwa tena. Kwa robo karne nzima ni Simba na Yanga, ukiacha mara moja tu, Azam waliponyakua kombe la 2013/14 bila kupoteza mechi. Msimu huohuo Mbeya City, timu ya halmashauri iliyokuwa imepanda tu, ilimaliza ya tatu ikiwa mbele ya Simba. Ilikuwa mara ya mwisho kwa wengi wetu kuamini kwamba milango iko wazi.

Klabu zile za zamani zilikuwa na mgongo wa kuegemea, na majina yao yanausema mgongo wenyewe: Reli ya Morogoro, Bandari ya Mtwara, Ushirika ya Moshi, RTC Kagera, CDA ya Dodoma, Pamba ya Mwanza. Mchezaji alikuwa mwajiriwa. Alipewa kazi, mshahara na pengine nyumba, na jioni akaenda mazoezini. Mashirika yale yalipobinafsishwa au kufa katika miaka ya 1990, timu zikafa nayo au zikabaki jina. Za viwanda vya sukari ndizo zilizodumu, kwa sababu viwanda vyenyewe viliendelea kusaga miwa. Sasa hata hizo zimetikisika: Mtibwa ilishuka mwaka 2024, na ingawa imerudi baada ya msimu mmoja, mwaka uliofuata Kagera Sugar nayo ikashuka. Pamba imerejea Ligi Kuu baada ya zaidi ya miaka 20, safari hii ikiwa mikononi mwa Jiji la Mwanza. Halmashauri ina barabara na zahanati za kuhudumia kabla ya mpira, na madiwani wakibadilika, moyo wa kuifadhili timu nao hubadilika.

Pengo lililoachwa na mashirika limejazwa na wadhamini, na mdhamini hufuata watu. Watu wako Simba na Yanga, kuanzia Kariakoo hadi Kigoma. Mwaka 2022 Simba ilitangaza udhamini wa kampuni ya ubashiri wa zaidi ya Sh bilioni 26 kwa miaka 5, na Yanga wao zaidi ya bilioni 12 kwa miaka 3. Weka hesabu hiyo pembeni ya mkataba wa haki za matangazo ambao TFF iliusaini na Azam Media mwaka 2021, Sh bilioni 225.6 kwa miaka 10. Hata kama fedha zote hizo zingegawanywa sawa kwa klabu 16, kila moja ingepata kama bilioni 1.4 kwa mwaka. Udhamini ule wa Simba peke yake uliiingizia klabu zaidi ya bilioni 5 kwa mwaka. Juu ya hapo kuna fedha za CAF, ambako kufika tu hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa kunalipa dola 700,000. Mwenye nacho anaongezewa, na anaongezewa kwa dola.

Mapato ya mlangoni huchukuliwa na mwenyeji. Kwa klabu ya mkoani, mchezo wenye mapato ya maana ni ule wa kuwapokea Simba au Yanga. Ndiyo maana kila msimu tunashuhudia mwenyeji akiuhamishia mchezo huo mji mwingine wenye uwanja mkubwa. Kwa mhasibu ni busara. Lakini shabiki aliyeivumilia timu yake mwaka mzima kwenye jua ananyimwa siku yake kubwa, na wachezaji wake wanajikuta "nyumbani" mbele ya maelfu ya watu waliovaa jezi za wageni. Uwanja huo hauwezi kumtisha mgeni.

Wapo wanaosema ubabe huu una faida, na hoja yao ina uzito. Yanga walifika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023 na kulikosa kombe kwa kanuni ya bao la ugenini dhidi ya USM Alger. Simba walifika fainali ileile mwaka 2025 dhidi ya RS Berkane. Pointi zao ndizo zilizoipa Tanzania nafasi 4 za Afrika, na baadaye mwaka huo klabu zetu zote 4 zilitinga makundi. Ni heshima ambayo majirani wengi hawana, nami naifurahia.

Ila tuitazame ile ya nne kwa karibu. Singida Black Stars ndiyo ile Ihefu ya Mbarali. Ni Ihefu hao waliowafunga Yanga 2-1 Novemba 2022 kwenye uwanja wa Highland Estates, kwa mabao ya Never Tigere na Lenny Kissu, wakaivunja rekodi ya mechi 49 za ligi bila kufungwa. Wakawafunga tena mwaka uliofuata hapohapo. Kisha klabu ikahamishiwa Singida na kupewa jina jipya. Watu wa mashamba ya mpunga waliowahi kumzuia bingwa mara mbili nyumbani kwao walibaki na uwanja bila timu. Singida nao wana jeraha kama hilo: Singida United ilishuka mwaka 2020, Big Stars ikahamia Manyara, na sasa wana timu ya tatu. Klabu inayoweza kuhamishwa hivyo haijengi shabiki. Baba anayemchagulia mwanawe timu ya kupenda atachagua ile isiyohama, na mjadala wa ushindani unaishia kwenye sebule ile.

Usawa nao peke yake si dawa. Majirani zetu Kenya, kati ya 2006 na 2011, walikuwa na mabingwa 5 tofauti katika misimu 6: Sony Sugar, Tusker, Mathare United, Sofapaka na Ulinzi Stars. Ungedhani ligi ile ingelipuka kwa utamu. Viwanja vingi viliendelea kuwa vitupu siku ambazo Gor Mahia au AFC Leopards hawachezi, na SuperSport walipoacha kuirusha ligi hiyo mwaka 2017 klabu nyingi zilibaki zikihangaika. Zilikuwa zimelingana kwa udhaifu. Wamarekani husawazisha timu kwa ukomo wa mishahara na kwa kumpa wa mwisho nafasi ya kwanza ya kuchagua vijana wapya, lakini wao hawana kushuka daraja, kwa hiyo mfumo wao hauhamishiki hapa mzimamzima. Karibu zaidi na mahitaji yetu ni Wajerumani. Bayern walichukua ubingwa mara 11 mfululizo, na bado viwanja vya wanaoshindwa vilijaa. Kule klabu haipewi leseni ya msimu mpya kabla vitabu vyake vya fedha havijakaguliwa. Leverkusen walipoukata mnyororo huo mwaka 2024, walikuwa klabu ya miaka 120 yenye mji wake na watu wake.

Kwa hiyo simtaki mtu awashushe Simba na Yanga. Ligi inadaiwa kitu kidogo kuliko usawa: kuhakikisha klabu iliyomaliza ya nne inaweza kumaliza ya nne tena. Hilo linaanza na leseni yenye meno. Klabu isiyoonyesha mishahara ya msimu mzima itatoka wapi isianze msimu, hata kama ina kigogo nyuma yake, maana kila tunaposikia FIFA imeifungia klabu yetu kusajili kwa sababu ya madeni, ujue kuna mtu aliiruhusu kucheza akiyaona madeni hayo. Kanuni ikataze klabu ya Ligi Kuu kung'olewa mkoani kwake kwa saini ya mnunuzi. Mkono mmoja usifadhili klabu zaidi ya moja. Klabu mbili za mfadhili mmoja zikikutana, hata wachezaji wakijituma kwa moyo wote, matokeo ya siku hiyo yatatiliwa shaka, na shaka inafukuza watu viwanjani kuliko vipigo.

Fedha za pamoja nazo zigawanywe kwa namna nyingine. Asilimia ya mapato ya mlangoni ya Simba na Yanga imwendee mgeni wao, kwa kuwa hakuna mchezo wa timu moja. Sehemu ya fedha za CAF irudi kwenye mfuko wa vijana wa klabu ambazo hazikushiriki, kama UEFA inavyofanya huko Ulaya. Vigogo watalalamika, na ni haki yao kulalamika. Lakini wao ndio wa kwanza kuumia ligi ikiwa nyepesi: bingwa aliyezoea kushinda 4-0 kila wiki anapokutana na Waarabu wanaojua kujilinda, anagundua kwamba hakuna aliyemwandaa.

Mkataba wa matangazo wa miaka 10 uliosainiwa 2021 unafikia ukomo 2031. Ligi Kuu ina klabu 16, na vigogo ni 3. Zile 13 ndizo wengi, lakini kwa miaka yote zimezungumza kila moja peke yake, tena baada ya kushuka. Viongozi wa Namungo, Coastal, Mtibwa, Prisons, Dodoma Jiji na wenzao wakutane sasa, waandike wanachokitaka kwenye mkataba ujao, wakipeleke Bodi ya Ligi kwa sauti moja, na wasisaini chochote kabla hakijajibiwa.