Betri ya Volti 12 na Kamera ya Ghorofani

Umeme ukikatika Mtaa wa Kongo, Kariakoo, majenereta yanaanza kunguruma kabla mteja hajamaliza kuhesabu hela zake. Kwa friji na cherehani za umeme, sawa. Kinachoniuma ni jenereta au inveta kubwa kuwashwa kwa ajili ya ruta, kisanduku cha fiber na kamera nne, vitu ambavyo kwa pamoja vinakula kama wati 30. Na tangu Kariakoo ianze kufanya biashara saa 24 mwanzoni mwa 2025, kamera hizo hazina tena saa ya kupumzika.

Geuza adapta ya ruta usome maandishi ya mgongoni. Mara nyingi utakuta volti 12 za DC, umeme ule ule wa betri. Ukitumia inveta, unaupandisha umeme wa betri kutoka volti 12 hadi 230 za soketi, kisha adapta inaushusha tena hadi 12. Kila mgeuzo unapoteza kiasi kwa joto. Tuseme kila hatua inabakiza asilimia 85: mwishoni kinafika kifaani asilimia 72 tu. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100, ukiitumia nusu tu ili idumu, inakupa wati-saa 600. Kwa inveta, vifaa vya wati 30 vitakaa kama saa 14, tena pungufu ya hapo, kwa kuwa inveta inakula wati kadhaa hata ikiwa haina kazi. Bila inveta, ukipoteza asilimia 10 pekee, unapata saa 18. Betri ni ile ile.

Ruta iliyo kando ya betri haina taabu. Taabu ni kamera. Betri iko dukani chini, kamera iko stoo ghorofa ya tano, na waya wa mtandao lazima upande huko hata hivyo kubeba picha. Waya huo una nyuzi nane, jozi nne, na tangu 2003 upo utaratibu wa kimataifa, IEEE 802.3af, wa kupitisha umeme na data humo humo hadi mita 100. Fundi mwenye haraka anachukua volti 12 za betri na kuziunga moja kwa moja kwenye jozi mbili za akiba. Kamera inawaka mchana. Usiku taa zake za infraredi zinapowaka, inazima na kujiwasha, inazima na kujiwasha. Mwenye duka anaambiwa kamera ni mbovu.

Kamera haina kosa. Mita 100 za waya mzuri wa shaba, umeme ukienda kwa nyuzi mbili na kurudi kwa mbili, zina ukinzani wa kama omu 9.4. Piga hesabu ya Ohm: kwa volti 12, wati nyingi kabisa zinazoweza kufika upande wa pili hazizidi 3.8, hata betri iwe kubwa kama ya lori. Pandisha hadi volti 24, na kifaa cha wati 10 kitafanya kazi huku wati 2.6 zikiishia kwenye waya. Kwa volti 48, hasara ni chini ya nusu wati. Mkondo ni kama wabeba mizigo kwenye kichochoro cha sokoni: kila mmoja akibeba mzigo mkubwa, watahitajika wachache, na msongamano unaisha. Joto la waya hukua kwa kipeo cha pili cha mkondo, kwa hiyo ukipunguza mkondo mara nne, hasara inapungua mara 16.

Volti 48 hazikubuniwa kwa ajili ya kamera. Simu za mezani ziliendelea kulia mtaa mzima ukiwa gizani kwa sababu zililishwa na betri za volti 48 za kituo cha simu. Bado ni salama kuzishughulikia kuliko 230, ingawa fyuzi karibu na betri ni lazima: betri ikipigwa shoti inatoa mkondo wa kuyeyusha waya.

Kinachotakiwa, basi, ni kipandisha volti kidogo, kutoka 12 hadi 48 au 54, na swichi ya mtandao inayofuata utaratibu ule wa IEEE. Swichi ya namna hiyo haimwagi umeme ovyo. Kwanza inapeleka volti chache kutafuta ukinzani wa omu 25,000 upande wa pili. Isipouona, haitoi kitu, na kompyuta iliyochomekwa kimakosa inabaki salama. Vile viunganishi rahisi vya volti 24 vya antena haviulizi chochote, na ndivyo vinavyounguza vifaa.

Wataalamu wetu walilishughulikia jambo hili zamani. Mwaka 2011 Amos Nungu, aliyekuja kuongoza Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), pamoja na wenzake wa chuo cha KTH cha Sweden, walichapisha utafiti kuhusu namna ya kuipatia umeme mitandao ya maeneo kama yetu, wakiwa na uzoefu wa mtandao wa Bunda na Serengeti.

Hesabu zote za waya hapo juu zinategemea shaba. Sokoni kuna maboksi ya waya wa alumini uliopakwa shaba, mwepesi na wa bei nafuu, wenye ukinzani wa takriban mara moja na nusu. Kwangua uzi kwa wembe: ukiona weupe ndani, ni alumini. Au nenda na kipimo. Uzi mmoja wa boksi la mita 305, ncha hadi ncha, usome omu 26 hadi 29. Ukisoma 40, rudisha boksi kaunta.