Saratani Visiwani: Kuvuka Ziwa Ni Mwanzo tu wa Safari

Wilaya ya Ukerewe, mkoani Mwanza, imeundwa na visiwa ndani ya Ziwa Victoria. Mgonjwa wa saratani anayeishi Ukara au Irugwa hulazimika kuvuka maji kufuata tiba ya mionzi katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, jijini Mwanza.

Hata hivyo, nauli si kikwazo pekee. Mionzi hutolewa kwa dozi ndogo, kwa kawaida siku 5 kwa wiki kwa wiki kadhaa. Katika kipindi hicho mgonjwa na msindikizaji wake huhitaji malazi na chakula, huku uvuvi na kilimo nyumbani vikisimama. Dozi zikikatizwa, uwezekano wa kupona hupungua. Hivyo, ni muhimu familia kumweleza afisa ustawi wa jamii wa hospitali hali yake kabla tiba haijaanza.

Kwa saratani ya mlango wa kizazi, safari hiyo inaweza kuepukwa. Uchunguzi kwa kutumia siki hutoa majibu papo hapo, na mabadiliko ya awali mara nyingi hutibiwa siku hiyohiyo. Aidha, wasichana hupatiwa chanjo ya HPV bila malipo.