Maji Yanapotoka Kidogo Bafuni: Baini Chanzo Kabla ya Kulipa

Bomba la mvua linapodondosha maji badala ya kumwaga, wateja wengi hukimbilia kununua pampu. Tunakushauri ubaini kwanza tatizo lilipo, kwa kuwa mara nyingine dawa yake ni siki na mswaki.

Anza kwa kupima. Kinga maji kwa ndoo ya lita 10 huku ukitazama saa. Ikijaa kwa dakika 2, unapata lita 5 kwa dakika. Andika kipimo hicho, kisha fungua koki nyingine za nyumba.

1. Koki nyingine zinatoka vizuri. Huenda kichwa cha bomba la mvua kimeziba kwa chokaa au mchanga. Kifungue, kiloweke katika siki usiku kucha, kisha kisugue. Ikiwa kina hita ya umeme, usikiloweke. Zima umeme kwenye swichi kuu na umwite fundi.

2. Koki zote ni dhaifu na unatumia tangi. Hakikisha valvu ya kutolea maji imefunguliwa yote, kisha tazama kimo. Kila mita 1 ya kimo huleta presha ya takribani bar 0.1, tangi lililo mita 2 juu ya bomba la mvua hutoa bar 0.2 tu. Tangi kubwa zaidi halitabadilisha hali hiyo. Tangi lililoinuliwa litaibadilisha.

3. Koki zote ni dhaifu na maji yanatoka moja kwa moja mtaani. Kagua valvu iliyo karibu na dira, kisha waulize majirani. Wakiwa na shida hiyohiyo, tatizo liko kwenye mtandao. Usifunge pampu kwenye bomba la mtaani: huwanyima majirani maji na huweza kuvuta uchafu kupitia nyufa.

4. Huoni sababu. Funga koki zote pamoja na ya kujazia tangi, soma dira, na usome tena baada ya dakika 30. Namba zikisogea, maji yanavuja baada ya dira, nawe unayalipia.

Kwa kawaida, bomba lililo kabla ya dira hushughulikiwa na mamlaka ya maji, na lililo baada yake ni jukumu la mteja. Unapotoa taarifa, taja kipimo cha ndoo, tarehe na saa, na uombe namba ya kumbukumbu ya lalamiko lako.