Vigogo wa roki hulelewa katika kumbi ndogo

MASHABIKI wengi wa muziki huona nyota anapong'aa tu. Ni wachache wanaojiuliza aliwashiwa wapi taa yake ya kwanza.

Chukua mfano wa Oasis, kikundi cha vijana watano kutoka Manchester, Uingereza. Mnamo Mei 31, 1993, walisafiri hadi Glasgow, Scotland, kutumbuiza katika ukumbi wa King Tut's Wah Wah Hut. Hawakuwa wakijulikana. Walialikwa na kikundi kingine ambacho walitumia chumba kimoja cha mazoezi, na wakapewa nafasi ya kupiga nyimbo nne tu.

Ukumbi huo, uliofunguliwa mwaka wa 1990, hutoshea watu 300 hivi wakiwa wamesimama. Miongoni mwa waliokuwepo usiku ule alikuwa Alan McGee, mmoja wa waasisi wa kampuni ya kurekodi ya Creation. Aliposikia magitaa yale, hakungoja kesho. Papo hapo akawaambia anataka kuwarekodi.

Agosti 1994 albamu yao ya kwanza ikatoka. Agosti 1996 wakatumbuiza kwa siku mbili katika uwanja wa Knebworth mbele ya watu 250,000.

Muziki wao huitwa roki ya kujitegemea. Jina hilo lilitokana na vikundi vilivyorekodi na kampuni ndogo zilizosimama kwa miguu yao zenyewe, wala si zile kubwa zilizotawala soko.

Kitalu cha miche

Waama, ukumbi mdogo ni kitalu. Hapo ndipo chipukizi hujifunza kukabili hadhira, kuendelea kupiga waya wa gitaa unapokatika, na kujua wimbo upi unawachangamsha watu na upi unawatuma kwenda kununua bia.

Maisha yenyewe si ya anasa. Kikundi huja na ngoma na vipaza sauti vyake ndani ya gari dogo, hujaribu mitambo jioni, na baada ya tumbuizo wanamuziki wenyewe huuza fulana na santuri zao mlangoni. Mara nyingi mapato hayo ndiyo hununua petroli ya kurudia nyumbani.

Mwenye ukumbi naye ana mzigo wake. Kuna kodi ya nyumba, umeme, bima na mishahara ya mafundi wa mitambo, ilhali hawezi kuwatoza watu fedha nyingi kumwona mwimbaji wasiyemjua.

Kulingana na shirika la Music Venue Trust, linalotetea kumbi hizi nchini Uingereza, kumbi 125 ziliacha kuandaa muziki mwaka wa 2023 pekee. Zilizobaki zilipata faida ya wastani wa asilimia 0.5. Desemba mwaka huo, ukumbi wa Moles mjini Bath ulifunga milango baada ya miaka 45, ukilemewa na gharama.

Ajabu ni kwamba matamasha ya viwanjani yalikuwa yakijaza pomoni. Ndipo pakazuka pendekezo kwamba kila tiketi ya tamasha kubwa ikatwe pauni moja, fedha hizo zisaidie kumbi ndogo. Kikundi cha Enter Shikari kilifanya hivyo katika ziara yake ya 2024. Coldplay nao waliahidi kutoa asilimia 10 ya mapato yao ya matamasha ya Wembley na Hull ya mwaka wa 2025.

Huo si msaada wa huruma. Mkulima anayekula mbegu hana budi kulala njaa msimu ujao, na uwanja wa watu laki moja hauwezi kumzaa mwimbaji. Unaweza tu kumpokea akiwa amekwisha kulelewa.

Kwa hivyo, msomaji, utakaposikia vijana wasiojulikana wanapiga muziki mahali padogo karibu nawe, lipa kiingilio, uingie, usikilize. Mcheza kwao hutuzwa.