Taa ya meza ya pool: ubaya ni wa balbu au wa macho yako?

Hebu fikiria, msomaji, kwamba umejinunulia meza ya pool iliyotumika, ukaiweka nyumbani kwako Milimani, Riat au Mamboleo. Jumamosi jioni ndugu na majirani wanafika. Jua la Kisumu huzama mapema mwaka mzima, na saa moja usiku ikipita kidogo giza limekwisha kuingia. Unawasha ile balbu moja iliyo katikati ya dari na mchezo unaanza.

Baada ya saa moja hivi macho yanawasha na shingo inauma. Mpira mweusi unauona kama ni miwili. Unamwambia jirani kuwa balbu hiyo haifai, na kesho utatafuta nyingine yenye nguvu zaidi.

Huenda ni kweli. Lakini kabla hujafika dukani, jiulize swali hili: je, wenzako wanaocheza chini ya balbu hiyo hiyo wanalalamika? Ikiwa wao wanaiona mipira vizuri na wewe huioni, basi tatizo halitaondoka kwa kubadilisha balbu. Leo tutayaangalia yote mawili, taa na macho.

Mwanga wa kutosha

Tuanze na taa. Kanuni za mchezo wa pool za kimataifa zinataka kila sehemu ya meza na kingo zake ipate mwanga usiopungua laksi 520. Laksi ni kipimo cha mwanga unaofika juu ya kitu. Sebule nyingi zetu usiku huwa na laksi zipatazo mia moja au chini ya hapo. Hii ndiyo maana taa inayotosha kwa mazungumzo na chai haitoshi kwa kulenga mpira ulio mbali mwisho wa meza.

Balbu moja ina kasoro nyingine. Inamulika katikati na kuziacha pembe gizani, na pembeni ndiko kuliko na mashimo. Kila mpira unatupa kivuli kirefu upande mmoja, na ukiinama kupiga, kichwa chako chenyewe kinaikinga taa. Jicho hulazimika kufanya kazi ya ziada kutafuta ukingo wa mpira, nawe bila kujua unakunja shingo na mgongo ili usogee karibu zaidi. Maumivu ya jioni huanzia hapo.

Dawa yake si balbu moja kali zaidi. Meza ya futi saba yafaa itundikiwe balbu tatu kwa mstari, kufuata urefu wa meza, kila moja ikiwa ndani ya kifuniko kinachoelekeza mwanga chini. Balbu ya LED ya wati 9 au 10 hutoa takriban lumeni 800, sawa na ile ya zamani ya wati 60. Balbu tatu za namna hiyo, zikiwa na vifuniko vyema, zinatosha kuifikisha meza ya nyumbani kwenye kiwango tulichotaja.

Tena katika joto la Kisumu LED ina faida ya pekee. Balbu ya zamani ya waya hugeuza sehemu kubwa ya umeme kuwa joto, na joto hilo hushuka juu ya kichwa cha mchezaji.

Urefu na rangi

Kanuni hizo hizo zinasema kwamba taa inayoweza kusogezwa isiwe chini ya mita 1.016 kutoka juu ya meza. Ile isiyosogezwa isiwe chini ya mita 1.65. Kwa nyumbani, kiasi cha mita moja kinafaa. Ukiishusha zaidi utaigonga kwa kichwa au kwa fimbo. Ukiipandisha sana mwanga unapotea: umbali wa balbu ukiongezeka mara mbili, mwanga unaofika mezani hubaki robo tu.

Balbu nayo ikae ndani kabisa ya kifuniko chake, isionekane na mtu aliyesimama kando ya meza. Mng'ao unaoingia moja kwa moja machoni huchosha kuliko hata uhaba wa mwanga.

Kuhusu rangi, pakiti ya balbu huandikwa tarakimu za Kelvini. Balbu ya 2700 hutoa mwanga wa manjano, na ya 6500 mweupe unaoelekea buluu. Ile ya 4000 ni ya kati, nayo huonyesha vyema tofauti ya mpira mwekundu na wa manjano. Mwanga mwingi wenye buluu usiku huuambia ubongo kwamba bado ni mchana, na usingizi ukachelewa. Funga mchezo walau saa moja kabla ya kulala.

Ikiwa bado unatumia tyubu za zamani zinazomemeta, fahamu kuwa nyingi kati yake huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, lakini watu wengine huumwa na kichwa. Kadhalika ndani yake mna zebaki. Ikivunjika, fungua madirisha, waondoe watoto, na usiokote vipande kwa mikono mitupu.

Wageni kutoka ziwani

Wavuvi wa omena wa Mbita na Usenge wanajua tangu zamani kwamba mwanga huita. Usiku wa giza huwasha taa juu ya maji, omena wakasogea. Ndivyo ilivyo kwa vile vijidudu mithili ya mbu vinavyopanda kutoka ziwani kama moshi. Vikiiona taa yako vitajaa mezani. Haviumi, lakini huweza kuwasha macho na kumsumbua mwenye pumu. Tia wavu wa waya madirishani.

Mbu wa malaria ni habari nyingine. Yeye huvutwa zaidi na pumzi na harufu ya mwili kuliko taa, kwa hiyo kuzima taa hakumfukuzi. Kaunti za kando ya ziwa ndizo zenye malaria nyingi zaidi nchini. Wachezaji wanaokaa barazani hadi usiku wa manane wavae suruali ndefu na wajipake dawa ya kufukuza mbu. Wakienda kulala, walale ndani ya chandarua.

Stima ikipotea, usitundike karabai au koroboi juu ya meza. Moshi, moto na mafuta ya taa vimewadhuru wengi, hasa watoto. Taa ya kuchaji inatosha. Na kazi ya kutundika mwachie fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA. Kifuniko cha chuma lazima kiwe na waya wa kwenda ardhini, na uzito wake ushikwe na mbao ya paa, usiachiwe dari peke yake. Umeme wetu ni volti 240, nao hausamehi.

Sasa tuje kwa macho

Umefanya yote hayo na bado mpira unaoneka kwa ukungu? Basi soma kwa makini.

Mtu akipita miaka 40, lenzi ya jicho huwa ngumu na vitu vya karibu humpotea. Akifikia 60, mwanga unaofika ndani kabisa ya jicho lake ni kama theluthi moja tu ya ule unaofika kwa kijana wa miaka 20. Baba anayesema taa ni hafifu hadanganyi. Kwake ni hafifu kweli.

Miwani ya kusomea haitamsaidia, maana inakuza cha karibu na kuufifisha mpira wa mbali. Tena ukiinama kulenga, macho hutazama juu ya fremu. Dennis Taylor, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa snuka mwaka 1985, alitengenezewa miwani mikubwa iliyokaa juu usoni kwa sababu hiyo. Mweleze mtaalamu wa macho kwamba wewe hucheza pool.

Lakini kuna dalili ambazo si za miwani. Ukiona duara la mwanga kuizunguka taa, au mng'ao ukikuumiza kuliko zamani, huenda ni mtoto wa jicho, ambao hutibika kwa upasuaji. Ukishindwa kuona mipira ya pembeni bila kugeuza kichwa, hiyo yaweza kuwa glakoma. Glakoma haina maumivu mara nyingi, huwapata sana watu wa asili ya Afrika, na macho iliyokwisha kuyaharibu hayarudi. Kinachowezekana ni kuizuia isiendelee. Wenye kisukari nao wapimwe macho kila mwaka hata kama wanaona vizuri.

Aliye Kisumu anaweza kuanzia hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wenyeji huiita Russia. Aliye Vihiga ana hospitali ya macho ya Sabatia. Ikiwa umepita miaka 40, usingoje dalili.

Basi Jumamosi hii, kabla ya kununua balbu, fanya jaribio dogo. Simama mwisho wa meza, ziba jicho moja kwa kiganja, utazame mpira ulio pembe ya mbali. Kisha badilisha jicho. Yakitofautiana, safari yako ya kwanza isiwe ya dukani. Balbu huuzwa kila mtaa. Jicho haliuzwi.