CHEMBE ZA NANO: ZIKIINGIA MWILINI, HUTOKA?



Wapenzi wanafunzi na wazazi, leo tutazame kitu kidogo kuliko vumbi: chembe za nano. Nanomita moja ni sehemu moja ya mita iliyogawanywa mara bilioni moja. Unywele mmoja una upana wa nanomita elfu 80 hivi. Wataalamu hutengeneza chembe hizi ili zibebe dawa, au zionyeshe mahali penye saratani. Swali ni hili: zikimaliza kazi, huenda wapi?

Chupa ya maabara haitoshi kutujibu. Mwilini damu inazunguka, ini na figo vinachuja, na protini za damu huweza kunata juu ya chembe zikaikuza. Ndiyo maana watafiti huzifuatilia ndani ya mnyama aliye hai.

Huzifuatiliaje? Njia moja ni mwanga. Usiku, washa tochi chini ya vidole vyako; utaona wekundu umepenya nyama. Upo mwanga unaofuata baada ya mwekundu, ambao macho hayauoni. Huo hupenya zaidi, na kamera maalumu huunasa. Njia nyingine ni kuzitia chembe alama ya mnururisho, kisha kupima zimefika kiungo gani.

Mwaka 2007 watafiti wa Marekani, akiwemo Moungi Bawendi mwenye asili ya Tunisia, walitia katika damu ya panya chembe zing'aazo za ukubwa mbalimbali. Zilizokuwa chini ya nanomita 5.5 zilichujwa na figo, zikatoka upesi kwa mkojo. Zilizozidi hapo zilielekea kubaki katika viungo kama ini. Na ndani ya chembe hizo mlikuwa na kadimi, ambayo ni sumu! Basi tofauti ndogo mno ndiyo iliyotenganisha kutoka na kubaki. Mwaka 2023 Bawendi na wenzake wawili walipewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia kwa kazi yao juu ya chembe za aina hii.

Tusimsahau panya. Mtume (s.a.w.) ametufundisha habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula. Mnyama wa maabara naye ni amana. Kumpiga picha mnyama yuleyule siku kadhaa huwapunguzia watafiti haja ya kuua wengi. Elimu yenye manufaa haitengani na huruma.